Betri Inayopumua na Kufuli Langu

Siku ya kuniaga nilipostaafu mlinipa keki, khanga mbili na kazi. Keki iliisha palepale, khanga nimeshazivaa, na kazi ndiyo hii: mlisema niandike jinsi nilivyofanya kazi, ili wanaokuja nyuma wasianze kwa kupapasa. Nilijiuliza aliyetoa wazo hilo alikuwa anatafuta nini hasa, maana miaka yote mmenisikia nikisema na sikuona mtu akishika kalamu. Lakini hii ni wiki ya tatu nimekaa nyumbani Buguruni, nimeshakagua kila soketi, na binti yangu Zuhura ameniomba kwa heshima nitafute shughuli nyingine. Vyeo vyangu mtavikuta kwenye faili, kama faili lenyewe lipo. Mimi nitaandika habari za betri, na za kosa moja ambalo wengi wenu mmelisikia nusunusu kule korido.

Nilianzia mtaa wa Gerezani, kwa mjomba Sefu, kaka wa mama yangu, aliyekuwa akifufua betri za magari. Banda lake la mabati lilibanwa kati ya fundi wa rejeta na muuza nati. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri majibu, na mama hakupenda nikae bure. Siku ya kwanza asidi ilinitoboa gauni matundu kumi na moja. Mjomba hakunipa pole. Alinipa magadi na maji nijipake mikononi, kisha akanionyesha shati lake, ambalo lilikuwa limebaki kola na mifuko.

Mjomba hakumwamini mtu. Mteja akisema betri ni mpya, mjomba alikuna rangi kwa ukucha aone rangi ya chini. Mteja akisema inasoma volti kumi na mbili, mjomba aliifungia taa kubwa ya lori, akavuta kigoda, tukaitazama ile taa mpaka inywee au isinywee. Volti bila mzigo alisema ni maneno ya mchumba. Na kabla ya kugusa betri ya mtu yeyote, aligusanisha zile nyaya mbili za mita yake mbele ya mteja, ili mshale urudi kwenye sifuri na wote waone kwamba mita ni nzima. "Anza na chombo chako, halafu ndiyo umshuku mwenzio," alikuwa akiniambia. Nililishika hilo kwa mikono, na kwa miaka mingi nilidhani hapo ndipo linapoishia.

Nilipomaliza ufundi sanifu nikaajiriwa kwenye maabara yetu, lile jengo la zamani nyuma ya Mnazi Mmoja, ambalo kiyoyozi chake mnakijua tabia. Tulianza na betri za sola, zile za risasi na asidi, na huko nilikuwa kama nyumbani. Baadaye Profesa, mkuu wa kitengo, akaleta mradi wa betri za lithiamu na hewa. Nilimsikiliza siku ya kwanza nikaona huyu mzee kaingizwa mjini.

Kwa wale wageni, nieleze. Betri ya kawaida hubeba kila kitu tumboni mwake. Hii upande mmoja ina kipande cha lithiamu, chuma laini kinachokatika kwa kisu, na upande wa pili ina kitambaa cheusi cha kaboni chenye vitundu, na kupitia vitundu hivyo inavuta oksijeni kutoka nje. Kwa hiyo ni nyepesi, na kwenye karatasi inaweza kubeba umeme mwingi kuliko betri yoyote mliyoizoea. Tatizo ni kwamba inapotoa umeme, lithiamu na oksijeni huungana kuwa unga mgumu unaoziba vile vitundu. Ukitaka kuichaji lazima uuvunje ule unga, na kuuvunja kunataka volti kubwa mno, mpaka betri inajiunguza yenyewe. Hapo ndipo kinapoingia kichocheo: kitu unachokipaka kidogo kwenye kaboni ili kisaidie unga kuvunjika bila kulazimishwa. Kazi yetu ilikuwa kutafuta kichocheo cha bei ya kwetu.

Adui mkubwa wa betri hii ni maji. Lithiamu ikikutana na unyevu inaoza. Tuliiunda ndani ya kabati la glavu, sanduku la kioo lililojaa gesi kavu, unaingiza mikono kwenye glavu ndefu zilizofungwa ukutani mwake na kufanya kazi ukitokwa jasho mpaka viwiko. Halafu ile oksijeni tuliyoilisha betri nayo ilibidi iwe kavu, na hapa Dar kukausha kitu chochote ni ugomvi. Dawa rasmi ya kukaushia gesi ilikuwa ikichelewa bandarini mpaka tunasahau tuliagiza. Nikapata njia yangu. Mnavijua vile vipakiti vidogo vyeupe vyenye chembechembe, vinavyokaa ndani ya boksi la viatu kunyonya unyevu. Wafanyabiashara wa jumla Kariakoo, wateja wao wa mikoani hawataki maboksi, wanataka viatu vishindiliwe kwenye robota, kwa hiyo maboksi yanabaki na vipakiti vinamwagwa. Nikawa napita Mtaa wa Kongo kila Ijumaa na mfuko. Waliniita Mama Vipakiti, na wengine nina hakika walidhani navitumia kwa mambo ya kienyeji.

Kila kipakiti nilikiandika namba. Nilikipima kwenye mizani ya maabara, nikakioka kwenye oveni kutwa nzima kitoe maji kiliyonyonya, nikakipima tena. Halafu nikakiweka kwenye chombo chetu cha kioo chenye kifuniko kizito kilichopakwa grisi, na siku ya kukitumia nikakipima mara ya tatu kabla ya kukitumbukiza kwenye chupa ya gesi. Kikiongezeka hata chembe, kinarudi oveni. Nilikuwa nafanya hivyo kwa sababu sikuwaamini nyinyi. Oveni ile ile mlikuwa mnapashia chapati.

Daktari Ndeshi alikuja mwanzoni mwa mwaka, katika lile joto. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza masomo ya uzamivu, binti wa Kilimanjaro aliyezaliwa na kukulia Kariakoo, mpole, shikamoo yake haichelewi. Ikatokea kwamba mama yake ni mmoja wa wale wauza viatu wangu wa Mtaa wa Kongo. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilijiuliza kwa nini hakuniambia siku ya kwanza, akasubiri mpaka siku ya nne.

Kichocheo chake kilikuwa cha manganizi. Alikitengeneza kwa pamanganeti, zile chembe za zambarau za duka la dawa, akizichemsha mpaka zinabaki unga mweusi kama masizi. Miezi miwili ya kwanza kile kichocheo hakikufanya lolote la maana. Nilimwonea huruma kidogo, na nikamwamini kidogo, maana mtu mwenye matokeo mabaya huwa hana sababu ya kudanganya.

Mwezi wa tatu, masika yakiwa yanaanza, nilikuta kifuniko cha chombo cha kioo kimekaa upande, na ndani ya oveni mnanukia kitumbua. Niliuliza kila mtu, kila mtu akashangaa. Siku hiyo hiyo nilihamisha vipakiti vyangu vyote. Nilivitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikabana kifuniko chake cha plastiki, nikaliweka kwenye kabati langu la chuma namba nne, karibu na dirisha, nikapiga kufuli. Ufunguo niliuvaa shingoni. Nikaandika yote haya kwenye daftari langu, na tarehe. Na kwa kuwa hakuna mkono mwingine ungevigusa, sikuona haja ya ule upimaji wa tatu.

Wiki mbili baadaye betri za Ndeshi zikaanza miujiza. Zilitoa umeme muda mrefu kuliko tulivyowahi kuona, na zikichajiwa, volti ilibaki chini, kwa ustaarabu kabisa, kama tulivyokuwa tukiomba. Zilikufa mapema baada ya hapo, lakini mwanzo wake ulikuwa wa kutisha. Profesa alianza kutembea haraka. Ripoti ya wafadhili ilikuwa mwisho wa mwezi wa tano, na mkataba wa Ndeshi ulikuwa unaisha mwezi huo huo.

Mimi moyo ulikataa. Kichocheo ni kile kile, mtu ni yule yule, na juzi tu kilikuwa hakifanyi kitu. Nikamchunguza. Nikaona anakuja Jumamosi peke yake. Nikaona anafungua betri zilizokufa na kuzitupa haraka. Nikaona anahamisha mafaili kwenye kompyuta, jambo ambalo kila mmoja wenu hulifanya, lakini kwake nililiandika.

Siku moja alinifuata mezani. Alisema, "Mama, naomba tuvipime vile vipakiti kabla hujaviweka kwenye chupa."

"Umeona nini, Daktari?"

"Sijaona kitu. Hizi namba mwenyewe siziamini. Nataka tu kuondoa wasiwasi."

Nilimjibu kwamba vipakiti viko chini ya kufuli na ufunguo ninao mimi, na wasiwasi wake autafute kwingine. Aliinamisha kichwa akaondoka. Kwenye daftari niliandika kwamba anatafuta pa kusingizia. Mpaka leo ukurasa huo upo, na ninauonea haya.

Nikaenda kwa Profesa. Nilimwambia kwamba binti anapika namba, na kwamba nitamthibitishia. Profesa alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu, akasema jambo kama hilo likiwa kweli Ndeshi hatakanyaga maabara yoyote tena, hapa wala kwingine, kwa hiyo nisije na hisia, nije na ushahidi. Akapanga kikao Alhamisi ya wiki inayofuata, sisi watatu tu.

Nikatega mtego. Kabla wiki haijaisha tuliunda betri saba, na ya tano niliiunda mimi kwa kaboni tupu, bila punje ya kichocheo, nikaibandika lebo sawa na zingine. Nikaandika siri hiyo kwenye karatasi, nikaifungia kwenye bahasha, nikampa Profesa aishike. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: betri tupu haiwezi kufanya miujiza. Ndeshi akileta mchoro mzuri wa namba tano, basi kauchora yeye.

Jumatatu alizifunga betri kwenye mashine ya majaribio. Usiku wake akapata taarifa ya msiba wa shangazi yake Kigamboni, na Jumanne asubuhi akavuka kwa kivuko cha Magogoni, akakaa huko mpaka Jumatano. Niliona kama amekimbia.

Jumatano nilikwenda kuitazama mashine. Namba tano ilikuwa inafanya miujiza. Nilifikiri kuna mtu ameigusa, nikavuta kiti nikakaa mbele ya kile kioo kama mjomba mbele ya taa yake ya lori. Nilikaa asubuhi nzima. Mstari uliendelea kujichora polepole mbele ya macho yangu, mrefu, mzuri, na hapakuwa na mtu chumbani ila mimi. Betri isiyo na kichocheo ilikuwa inafanya vizuri sawa na zenye kichocheo.

Niliitoa, nikaiingiza kwenye kabati la glavu, nikaifungua. Lithiamu ilikuwa imeota ukoko mweupe, imevimba. Maji. Maji ndiyo yaliyokuwa yakiifanya itoe umeme kwa wingi vile na ichaji kwa upole, huku yakiila kutoka ndani. Miujiza yote ya masika ilikuwa unyevu. Nikakagua mtungi wa oksijeni, uko sawa. Nikakagua mipira ya kupitishia gesi, iko sawa. Palibaki mahali pamoja, na ufunguo wa mahali hapo ulikuwa shingoni kwangu.

Nilifungua kabati namba nne. Nikapima kipakiti cha kwanza: kilikuwa kizito kuliko nilivyoandika kilipotoka oveni. Cha pili hivyo hivyo. Nilivipima vyote, na vyote vilikuwa vimeshiba maji, badala ya kuikausha gesi vinailowesha. Nikaligeuza kopo. Kifuniko kilikuwa na ufa upande wa nyuma, ukucha unapita. Kila nilipolifungua nililishika kutoka mbele, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuruhusiwa kulishika. Nikachukua daftari nikaona tarehe niliyohamisha vipakiti, na wiki mbili mbele yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, miujiza inaanza. Nilikuwa nimelinda vipakiti visiguswe na watu, na shida ya vipakiti ni hewa.

Nitasema ukweli. Nilifikiria kulitupa lile kopo. Hakuna aliyejua. Ningesema kichocheo hakieleweki, bahasha ingefunguliwa, na Ndeshi angeondoka na jina bovu. Nilitoka nikatembea mpaka Mtaa wa Kongo, nadhani kwa mazoea ya miguu, nikajikuta mbele ya duka la mama yake. Yeye alikuwa ametoka msibani asubuhi kuja kuwahi mzigo. Alinikaribisha kiti, akanipa mfuko wa vipakiti alioniwekea, akaanza kusimulia kifo cha wifi yake. Katikati ya habari akanishika mkono.

"Ndeshi ananiambia kazini analala mlango wazi kwa sababu upo wewe," alisema. "Anasema mama yule hata nzi hapiti bila kuulizwa. Asante, mama."

Nilichukua mfuko wangu nikarudi.

Alhamisi tulikaa watatu. Ndeshi alikuwa amevaa nguo nyeusi na hakujua kikao ni cha nini. Profesa alipoitoa bahasha, nilimwomba asubiri, nikaweka mezani lile kopo, daftari na mizani, nikamwomba Ndeshi apime mwenyewe. Alipima vipakiti vitatu, akasoma daftari, akapitisha ukucha kwenye ufa wa kifuniko. Alielewa kabla sijafungua mdomo. Kisha Profesa akafungua bahasha, kwa kuwa nilimwambia aifungue, akaisoma kwa sauti.

Ndeshi alinitazama. "Kwa hiyo, mama, ulikuwa unanitega?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu masika yaanze."

"Nilikuomba tuvipime."

"Uliniomba," nikasema. "Nikakunyima. Kosa ni langu lote, na nakuomba radhi mbele ya Profesa."

Hakulia, na hakuniambia yameisha. Alisema tu kwamba ripoti isitumwe. Profesa alilalamika sana siku ile, wafadhili wakalalamika zaidi, lakini haikutumwa.

Tulirudia kila kitu kwa gesi iliyokauka kweli. Miujiza ilipotea yote. Lakini betri zenye manganizi zilichaji kwa volti ya chini kidogo kuliko zile za kaboni tupu, kila mara, na zilidumu mizunguko michache zaidi. Ni kitu kidogo. Ndeshi alikiandika kama kilivyo, kidogo, na akaandika pia habari ya unyevu ili wengine wa miji ya pwani wasiingie mkenge. Mkataba wake ukaongezwa. Mkisikia mtu anasifu kichocheo kipya cha betri ya hewa, mwulizeni kwanza aliikaushaje hewa yake, na je, alijaribu na isiyo na kichocheo. Asipokuwa na jibu, rudini zenu.

Kwangu mimi alibadilika. Shikamoo aliendelea kunipa, kwa kuwa amelelewa, lakini hadithi zilikwisha. Aliuondoa ufunguo shingoni kwangu, akautundika kwenye msumari mlangoni, na akaweka utaratibu ambao bado mnaufuata: anayeweka kipakiti anakipima, na mtu mwingine anasoma mizani na kuandika. Alianza na mimi. Alisimama nyuma ya bega langu na kalamu, nami nikapima huku masikio yanawaka moto. Iliniuma. Pia nilijua kwamba sasa betri ziko mikononi mwa mtu anayefaa.

Siku ya kuniaga, nyinyi mkiwa kwenye keki, alinipa boksi la viatu kutoka kwa mama yake. Akasema, "Mama, ukifika nyumbani uangalie vizuri ndani." Ni viatu vya ngozi, vya kisigino kifupi, vinanitosha. Chini yake palikuwa na kipakiti, kimeandikwa kwa kalamu ya wino uzito wake wa gramu, tarehe na saini mbili: yake, na ya mmoja wenu aliyesoma mizani. Nilikaa kitandani nikalia kidogo. Kisha nikalifungia boksi kabatini, wajukuu wasije wakavaa viatu vyangu kuchezea.

Siku tatu nilijizuia. Ya nne nikakichukua kile kipakiti nikaenda kwa sonara wa mtaani kwetu, maana mizani yake inapima mpaka vumbi. Alikipima, akasoma uzito ulioandikwa juu yake, akapima tena. Akaniambia kwamba kimezidi, na kwamba aliyeandika pale amekosea.

Nikamwambia hajakosea. Kipakiti kilikuwa nyumbani kwangu siku tatu, ndani ya kabati, nimekipigia kufuli.